Somo la Siki

Jumatatu nilikuja na chupa ya siki ya tufaha
na magamba ya kome niliyookota gatini.
Watoto kumi na mmoja, jiko la kuni katikati,
soksi zao zikikauka kwenye waya,
na mvua ya Chiloé ikigonga bati
kama mtu aliyesahau ufunguo.

Nikatumbukiza gamba. Likatoa povu.
Maicol akasema: linapumua, mwalimu.
Nikasema: hapana. Linaliwa.

Ikanibidi nikiri upesi kwamba nimetia chumvi.
Bahari si siki, wala haitakuwa siki.
Ila inakunywa moshi wetu,
kila mwaka funda jingine,
na kila funda linaitia uchachu kidogo,
uchachu ambao ulimi wako hautaujua
na kome mchanga, mdogo kuliko nukta ya kalamu,
anaujua siku anapoanza kujijengea ukuta.

Yaritza akaligeukia jiko.
Moshi wetu huu?

Bomba lilikuwa linakoroma.
Mwongozo wa wizara haukuwa na ukurasa wa swali hilo.
Huu pia, nikamjibu. Si huu peke yake,
wala si huu kwanza.
Kisha nikaongeza kuni,
maana vidole vyao vilikuwa vya buluu.

Wanasema samaki hukunjwa angali mbichi.
Mimi sikutaka kumkunja mtu.
Usiku ule sikulala:
nilikuwa nimewatwika watoto wa miaka tisa
bahari nzima inayougua,
wakapanda nayo kilima, pamoja na daftari,
hadi kwenye meza za mama zao.

Ijumaa gamba lilikuwa laini kama ukucha uliolowa.
Maicol akaliomba. Akalifunga kwenye karatasi ya mkate.

Baba yake ni mpiga mbizi, Belarmino Guenteo,
mtu wa maneno matatu kwa siku.
Alilibonyeza kwa dole gumba, Maicol alitusimulia,
likavunjika bila sauti,
na baba hakumaliza supu.

Wiki iliyofuata, katikati ya hesabu za kugawanya,
mlango ukagongwa.
Belarmino, kofia mkononi,
na kwapani mlango mwingine:
wa kabati la vifaa vyake,
ameung'oa pamoja na bawaba.

Penseli, kutoka juu kushuka.
Tarehe. Kina. Baridi ya maji.
Miaka kumi na tisa.
Hakuwahi kumwonyesha mtu;
alidhani ni ukaidi wake tu,
kama wengine wanavyohesabu ngazi.
Na pale, mwaka ule maji yalipogeuka mekundu,
mahali pa namba pana neno moja:
hakuna.

Hakuhutubia.
Alisimama kando ya jiko akinuka mpira na chumvi,
na watoto wakapiga magoti, wakasoma kwa vidole,
namba zikipanda, zikishuka, zikipanda,
na kila zikishuka
zinaishia juu kidogo ya pale zilipokuwa zikiishia.

Kwa nini hukuacha kuandika? Yaritza tena.
Akafikiri muda mrefu.
Nafasi ilikuwa bado, akasema.

Kweli. Chini kabisa, viganja viwili vya mbao tupu.

Tukaenda gatini bila makoti ya kutosha.
Wakagombania kamba ya kipimajoto,
mmoja akalia, mwingine akapoteza kiatu majini
nacho kikarudi chenyewe.
Maicol akavuta, akasoma, akashika penseli.
Subiri, baba yake akasema.
Hiyo ya kwanza ni ya hewa. Rudisha.
Hesabu hadi mia.

Wakahesabu, wote, kwa sauti,
wakakosea sitini, wakaanza upya.
Mimi nilikuwa nao,
midomo yangu ikifuata yao.

Jumanne. Mita tano.
Nyuzi kumi na moja nukta nne.
Mvua.