Mzinga

Ujerumani, mfungaji bora wa ligi ya wanawake
hupewa mzinga:
mdogo, wa kuweka kabatini, una na magurudumu.
Zamda aliponieleza kwenye simu nilicheka hadi nikapaliwa.
Mjerumani na mizinga yake, nikamwambia,
hapa Tanga alishaileta,
na walioamua ile mechi walikuwa nyuki,
wametoka mizinga ya aina nyingine.

Mimi ni karani wa mizani, shamba la mkonge, njia ya Pongwe.
Mchana nahesabu matita, usiku nahesabu mabao.
Daftari langu limekula mafuta ya taa:
kushoto majina ya wafungaji,
herufi zimebanana kama meno ya kitana,
kulia idadi.
Na katikati yao, mwezi wa Novemba la tisa,
Februari la nne, sasa la pili:
Shemdoe.
Limekaa pale kama mgeni aliyeingia sebuleni
na vumbi la Msambweni miguuni.

Orodha haijui nijualo.
Haijui goli la miti miwili na kamba ya katani,
wala mbuzi wa Bi Mwanjaa waliolala kwenye eneo la penalti
tukawapigia mpira juu kwa juu.
Mfungaji hafungi hewa.
Lazima awepo wa kufungwa,
na miaka sita aliyefungwa ni mimi.
Mabao mia mbili na kumi na moja,
nimeyaandika ukurasa wa nyuma.
Dole gumba la kulia mpaka leo halikunji.

Kona yake ilikuwa kushoto, chini,
pale kipa anapofika kwa ukucha tu.

Barabara ya Kumi na Nne nayo inahesabu.
Akifunga Jumamosi, Jumapili wanampiga mizinga:
shemeji anadai bodaboda,
mwalimu aliyemchapa kwa utoro anaomba jezi,
mtu asiyemjua kabisa ana mtoto mgonjwa, picha hiyo hapo.
Shule na hela, maneno mawili aliyotuachia Mjerumani:
la kwanza Zamda alilikimbia,
la pili linamkimbiza.

Siku ya mwisho ya ligi, yeye ana kumi na sita,
yule wa juu, binti wa kwao, kumi na saba.
Tuliegemeza simu kwenye chupa ya chai,
mimi, mama yake, na watoto wa jirani wasiotaka kukaa.
Picha inakwama, inaruka, inakwama.
Dakika ya themanini na moja: penalti.
Akaweka mpira. Akapangusa kiganja kwenye bukta,
mara mbili, vilevile.
Yule kipa mrefu akayumba kulia kumhadaa.

Nami nikaruka.
Wallahi sikuamua. Niliruka kushoto, chini,
nikapiga bega kwenye meza, uji ukamwagika,
na huko, mbali, kipa mrefu naye akaruka kushoto,
na mpira ukagonga viganja vyake
na mimi ndiye niliyeusikia.

Watoto walinitazama kama msaliti.
Mwili, jamani, haujui tuko timu gani.

Mama yake akauliza, kwani mzinga hakuupata?
Nikasema, hakuupata.
Akafikiri. Na huo mzinga ulikuwa na asali?
Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.
Basi, akasema, kaka yangu Amboni anayo mitatu,
kaitundika mkoroshoni,
wala hajamfunga mtu hata bao moja.

Usiku Zamda akapiga. Sauti kavu.
Hakusalimu.
— Uliona?
— Ulipiga kushoto.
— Sasa ningepiga wapi?

Kimya kirefu, cha kulipiwa kwa dakika.
Halafu nikamsikia anacheka, au anapenga kamasi,
mtandao wetu hautofautishi.
Nikafungua daftari ukurasa wa nyuma,
nikatafuta nafasi.
Upande wangu sikuwahi kuandika kitu.
Nikaandika: moja.