Mshenga wa Kadi

Niliinunua kwa Hirsi, ghorofa ya pili, Luthuli,
elfu kumi na nne, chaja juu yake,
bawaba ya kushoto ikilia kama kinu cha unga.
Chini ina kibandiko cha ofisi moja ya Ujerumani
na namba ya mali, kana kwamba bado inasubiriwa.
Hirsi akasema, "Hii ni chuma."
Sikumwuliza chuma cha namna gani.

Nikayang'oa madirisha yake yaliyodai leseni kila asubuhi,
nikaweka Linux kutoka flashi ya Mumbua.
Skrini ikawaka. Kishale kikatembea.
Nikapiga kigelegele cha mtu mmoja, chumba kimoja, Umoja,
kisha nikatafuta waifai.

Hakuna.
Si kwamba mtandao ni dhaifu. Hakuna.
Na kadi imo! Nimefungua skrubu tisa kwa kisu cha maembe,
nimeiona kwa macho yangu, kijani, na nyaya zake mbili,
mmoja mweusi mmoja mweupe,
imetulia kama mwali aliyewekwa ndani
na hakuna aliyemletea mshenga.
Kiini kinaiita kwa namba. Haiitiki.
Kampuni iliyoizaa iliificha sarufi yake kabatini,
ikaondoka na ufunguo.
Kila mtu ana siri zake, sawa,
lakini hii ni siri ya nani, nami kadi nimeilipia?

Mumbua alicheka hadi simu ikakwaruza:
"Dereva, wewe! Tafuta dereva."
Ndipo nikajua neno hilo lina maana isiyo na magurudumu.
Na kwamba dereva huyo anakaa mtandaoni,
na mtandao unataka kadi,
na kadi inataka dereva,
nami niko nje, mvua inanyesha, ufunguo uko ndani mezani.

Nikaiunga simu kwa waya, bando la shilingi hamsini,
nikalivuta lile faili
kama tunavyochota maji hapa, bomba likikohoa saa tisa usiku,
kikombe baada ya kikombe, bila kupiga kelele lisije likasikia.
Kwenye asilimia sitini na nane stima ikapotea.
Betri ya mtumba huzeeka ukiitazama.
Sikuitazama.

Saa kumi kasoro, kadi ikaanza kutaja majirani:
Mama Shiko Ghorofa ya Nne,
Usiniombe,
Lipa Kwanza,
Nyumba ya Bwana Wetu.
Zote na kufuli.
Sijawahi kufurahi hivyo kuona milango iliyofungwa.

Yaliyobaki yamebaki.
Ukiilaza hailali, ikilala haiamki.
Z na Y zilikalia viti vya wenyewe, kwa desturi ya kwao;
nikifuata vibao, kazi inatoka kayi,
mzazi anakuwa myayi.
Hizo nilizing'oa kwa mpini wa kijiko, nikazibadilisha.
Y imekaa upande kidogo. Iache.

Na kando ya kibodi kuna kijicho cheusi cha kusoma kidole.
Hakuna aliyekiandikia lolote, wala hatatokea.

Jumapili Mama akaja.
Miaka thelathini ya kufulia watu Buruburu,
sabuni ya kipande imemla alama za vidole vyote kumi.
Benki mashine humwambia, jaribu tena,
futa kidole, jaribu tena,
na msichana wa dirishani humtazama
kana kwamba mkono huo ameuiba.
Akakiona kijicho. "Na hiki?"
"Hicho hakifanyi kazi, Mama. Hakimjui mtu."
Akaweka gumba lake juu yake, akaliacha hapo.
Kimya.
"Basi hiki hakijanikataa," akasema,
akauliza kama kuna chai.