Zamu ya Usiku, Muhoroni

Mwaka wa sita nalinda geti la kiwanda,
harufu ya miwa imeingia hadi kwenye kofia.
Asubuhi najifunika blanketi usoni;
bati linawaka,
jogoo wa Nyangweso hajui zamu yangu.

Daktari alisoma karatasi ya damu, akauliza:
"Unalala kwa saa ngapi?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Alisema homoni za kiume hutengenezwa usingizini,
mwili ukishafunga duka.
Langu halifungwi.

Basi ndiyo maana, Akelo,
Jumapili ukinigusa bega
naomba maji.
Ndiyo maana presha, kitambi,
na ile hasira kwa mtoto aliyeangusha kijiko tu.

Nilidhani nauza usiku.
Kumbe mnunuzi aliondoka na mizani pia.