Vipimo Kumi na Vinne

Ukumbi wa kanisa, Norwich, Jumanne ya Februari.
Hita inakohoa kama mgonjwa asiyetaka kulazwa.
Mbele yetu karatasi moja tu:
vipimo kumi na vinne, mi ndogo, Largo.
Jina la mtunzi limeliwa na nondo,
imebaki herufi ya mwisho.

Kwanza tunalegeza nyuzi.
La ya watu wale ilikaa nusu sauti chini ya la yetu,
hivyo mi hii, kwa sikio la leo,
imeketi ngazi moja chini ya jina lake
na haitaki kuulizwa kwa nini.
Selo yangu inaguna. Uzi wa utumbo wa kondoo
unaijua baridi kuliko mimi.

Kisha ugomvi.
Hester Pargeter, vidole juu ya kinanda cha nyuzi,
anautaka muziki utembee nyuma ya jeneza.
Desmond Okell anafuta filimbi yake ya mbao,
anasema pumzi zake ni za mtu wa miaka sabini na moja,
kwa mwendo huo atafia kwenye kipimo cha tatu.
Metronomu inawekwa juu ya meza ya chai.
Arobaini: tunazama.
Sitini na sita: tunakimbilia basi.
Hamsini na mbili, na Hester anafunga kinanda
kwa adabu iliyo mbaya kuliko matusi.

Mimi ni besi. Kazi yangu ni kwenda,
robo, robo, robo, robo.
Hakuna anayekuja kunisikiliza mimi,
ila nikinyamaza kila mtu anageuka.
Tanga tuliambiwa polepole ndio mwendo,
lakini neno hili la Kitaliano halisemi polepole.
Nililitafuta kwenye kamusi. Linasema pana.

Pana,
kama korido ya wodi saa tisa usiku.
Miaka ishirini na sita niliipita ile,
viatu vya mpira, tochi nimeielekeza chini,
kitanda hadi kitanda,
nikisimama muda tu wa kuona blanketi linapanda
na linashuka.
Si haraka: wangeamka.
Si polepole: kuna mmoja mwisho wa safu.
Sikuwahi kuuhesabu mwendo ule.
Ulikaa miguuni.

Basi nikaanza bila kuwaaga.
Mi, re, do, si:
ngazi nne ambazo kila mfiwa huzishuka
bila kufundishwa.
Filimbi ikaingia imechelewa kidogo,
kama mtu anayevua kofia mlangoni,
ikang'ang'ania sauti iliyokwisha kuwa kosa
hadi ikachoka, ikateremka.
Hester akafungua kinanda. Mkono wake wa kulia
ukasoma zile namba ndogo chini ya mistari,
saba, sita, saba, sita.
Vipimo nilivyozoea kusoma vilikuwa vya damu,
na vyenyewe viliandikwa kwa namba,
na vyenyewe viliacha mtu ajaze yaliyobaki.

Mi ndogo si huzuni.
Nasema hivi kwa kuwa kijitabu cha tamasha kitaandika huzuni.
Huzuni naijua: ina simu za kupiga,
ina mfuko wa plastiki wenye miwani na saa ya mkono.
Hii ni dakika ya kabla,
shuka bado lina joto
na jambo halijapewa jina.

Kipimo cha kumi na nne hakifungi.
Kinasimama juu ya si, sauti tatu wazi,
ufunguo ndani ya kitasa, haujazungushwa.
Ukurasa wa pili, wenye Allegro, haumo kwenye bahasha.
Desmond aliikung'uta mara mbili.

Hester akaniuliza nilikuwa nahesabu ngapi.
Vitanda ishirini na vinane, nikasema.
Akaandika kwa penseli, pembeni, hivyohivyo.
Hita ikazimika.
Tukarudia tukiwa na makoti.