Nusu Kilo

Nilikuwa wa saba kwenye foleni ya matoleo,
mayai manane kikapuni, nimeyalaza juu ya makonyo makavu
yasigongane,
na sauti yangu, hii wanayoisifu watu wa Weti,
ilikwishapanda hadi kwenye boriti
ikikwambia nakupenda, nakupenda,
kama mtu amwagaye maji asiyoyachota.

Ndipo ukanionyesha mizani.

Si ile ya hukumu yenye malaika.
Ya kituoni, ya chuma, yenye kutu mguuni.
Msimu uliopita, magunia yetu yamechanganyika,
karani anauliza bila kuinua kichwa: Ya nani haya?
Nami nikajibu: Yangu.
Kilo kumi na moja za Eufrasia, mjane wa kaka yangu,
alizozichambua usiku kwa kibatari.
Alikuwa amesimama pale pale. Alinitazama.
Kisha akakunja gunia lake tupu
mara mbili, mara tatu, mara nne,
hadi likatosha kwapani.

Tangu siku ile nimekuimbia Jumapili hamsini.

Bwana, mimi nilidhani mapenzi ni joto la kifuani,
ni machozi yangu ya Ijumaa Kuu ambayo hata padri huyangoja.
Kumbe uliomba kitu kikavu, kisicho na kinanda:
weka hapo, nenda kwake kwanza.

Nilijaribu kukupunguza bei.
Nikasema, baada ya misa.
Nikasema, nitaongeza mayai.
Nikasema, tazama wingu lile juu ya Mtambwe.
Ulinyamaza, kama mama
anayejua kwamba mtoto amesikia.

Nikakiweka kikapu sakafuni, miguuni pa Mzee Kleofa,
mkono wake bado umenyooshwa.
Wanakwaya wakageuka. Ubeti wa tatu ni wangu peke yangu.
Ulipita hauna mtu.

Njia ya Limbani, Bi Riziki anaanika ng'onda:
"Makubwa! Leo mmetoka mapema?"
"Nimetumwa," nikamwambia.
"Basi nenda, mtumwaji hasimami."

Niseme kweli: miguu haikutaka.
Moyo nao haukutaka.
Miguu ilikwenda tu, kama punda wa mchanga,
na mahali fulani karibu na kalvati
moyo ukaanza kuifuata kwa nyuma,
unanung'unika.

Eufrasia alikuwa uani peke yake,
majamvi matatu ya karafuu, na matone ya kwanza,
yale makubwa, yanayohesabika.
Hapakuwa na hodi. Hapakuwa na salamu.
Nikashika pembe hii, akashika ile,
tukakunja, tukaburura, tukarudi mbio,
karafuu zikatuingia nyweleni, shingoni, kwenye mapindo ya nguo.
Jamvi la tatu mvua ilituwahi.

Tukaketi kizingitini tunahema.
Nikasema: "Zile kilo kumi na moja."
Akaokota karafuu moja, akaivunja kwa ukucha
kusikiliza kama imekauka.
"Kumi na moja na nusu," akasema.

Hakunikumbatia. Hakulia.
Alinitupia kanga nijifute, kuukuu,
maneno yake yamekwisha kufutika.

Niliporudi, kanisa limefungwa.
Nikachungulia dirishani: kikapu kiko chini ya madhabahu,
Kleofa amekifunika kwa kofia yake, paka wasijaribu.

Leo sikukuimbia, Bwana.
Koo limejaa mvua.
Lakini ninuse mikono.
Fedha ya kumi na moja ninayo, imo chini ya godoro,
tangu mwaka jana haijanunua hata chumvi.
Ya nusu sina.
Kesho nitapeleka makonyo kituoni. Wanafungua saa mbili.
Saa moja nitakuwa mlangoni.