Mizani ya Punje

Chumba hiki kilikuwa cha yaya, enzi za mwenye nyumba wa kwanza.
Sasa kina meza ya mninga, taa ya kupinda shingo,
na mtambo wa mkono uliofungwa kwa bolti nne
alizozikaza fundi Kyengo akiniuliza mara tatu,
"Mama, hii ni ya kukamua nini?"
Nikamwambia, ya kukamua Jumamosi.

Miaka thelathini na miwili nilisimama nyuma ya kaunta
ya duka la dawa, Ngara, mkabala na wauza miwani,
nikihesabu vidonge kwa kisu kisicho na makali,
vitano vitano, nikipima unga wa marhamu
hadi mshale utulie.
Mkono uliozoea kupima haustaafu.
Ulipokosa vidonge uliomba maganda.

Nayaokota mwenyewe kwenye uwanja wa shabaha,
ukingoni mwa machimbo ya Njiru,
nimeinama kama mvunaji wa maharagwe,
na vijana wa klabu wananicheka:
"Daktari, si ununue mpya?"
Hawajui bei. Au wanajua, ila baba zao ndio walipaji.
Nayaosha kwa ndimu na sabuni ya kipande,
nayaanika juu ya gazeti la juzi
yang'ae kama meno ya mtoto aliyeambiwa atabasamu.

Kisha kazi yenyewe, isiyotaka redio.
Fataki chini, baruti ndani, risasi juu;
mambo matatu, na la nne ni kunyamaza.
Baruti hupimwa kwa punje.
Mama yangu kule Misikhu alipima mahindi kwa gorogoro
na kuongeza konzi juu, ya kumfurahisha mnunuzi.
Hapa hakuna nyongeza.
Punje za ukarimu ni kidole chako, au jicho.

Simiyu, mwana wa kaka yangu, husimama mlangoni,
nyuma ya mstari mwekundu niliompakia sakafuni.
"Senge, hii itaua nani?"
"Karatasi."
"Na ikikosa karatasi?"
"Udongo."
Akafikiri. "Na ikikosa udongo?"
Nilimtuma chumvi dukani.
Chumvi tulikuwa nayo.

Juzi usiku simu ililia nikiwa ganda la thelathini na moja.
Ilikuwa ya Misikhu: ng'ombe amezaa, ndama ana nyota usoni,
wanataka jina. Nikacheka, nikataja jina, nikakata.
Kisha nikatazama kijiko.
Risasi ilikwisha kukaa mahali pake,
na mkono haukumbuki kama ulimimina
au ulitaka kumimina.
Ganda lililofungwa halisemi.
Wajuao kuhesabu mizani ya shairi wanaelewa:
silabi moja ikipotea, unarudi kichwani mwa ubeti.
Nikaanza kuyafungua yote, lile na wenzake,
baruti ikirudi koponi kama mchele uliokutwa na mawe.

Saa nane hivi, upande wa Mukuru, mlio.
Mmoja. Halafu mwingine.
Mbwa wa South C nzima walisema, wakanyamaza.
Kijiko kilibaki hewani.

Zangu zimo daftarini: tarehe, uzito, idadi.
Inspekta Lelei huja kila mwaka, huzihesabu,
hunywa chai, hutia sahihi, huulizia goti langu.
Zile mbili sijui alizipima nani,
wala mlangoni kwake alisimama mtoto gani
akauliza, akatumwa chumvi.

Niliendelea. Ishirini na sita. Ishirini na saba.
Mshale wa mizani ulikataa kutulia.
Nikadhani ni upepo, nikafunga dirisha.
Haukuwa upepo.