Akiba ya Mshono

Jumamosi Kuu, Tukuyu. Mvua bado,
ila ukungu umeshaingia kibandani bila hodi
na kukaa juu ya meza ya kukatia.
Nimeligeuza koti lako ndani nje, Ambilikile,
nimelitandaza kama mbuzi aliyechunwa,
maana kesho alfajiri mnakwenda makaburini
kumlaki Mfufuka kwa tarumbeta,
nawe huwezi kusimama mbele ya wafu wetu
ukicheza ndani ya nguo kama punje ndani ya debe.

Nililishona mwenyewe, mwaka wa ndoa.
Kitambaa cha kijivu, yadi tatu na robo.
Mama yako akaona nimekunja vidole viwili kila upande.
"Mbona unafukia kitambaa cha watu?"
Nikamwambia: ni akiba ya mshono, mama,
mtu habaki alivyo.
Akaguna, akacheka hadi akashika ukuta:
"Bibi harusi anayeshonea unene!"

Na kweli hukubaki.
Mwaka kahawa ilipolipa ulinona shingo,
nikafumua kidole kimoja.
Alipozaliwa Lusajo, cha pili.
Kisha mapafu yako, miezi saba wodini,
kitambaa kikarudi gizani kilikotoka.
Kisha mwaka ule nisioutaja,
tulipolala migongo ikitazamana
na koti likaning'inia msumarini hadi panya akala bitana.
Hata hapo, ilipofika Jumamosi Kuu,
nililishusha.
Nilishona kwa hasira, mishono midogo, ya kuuma.
Lakini nilishona.

Mibuni tuling'oa, tukapanda parachichi.
Kengele ya kanisa ilipasuka, siku hizi ni spika.
Mchungaji huyu ni wa nne, kijana, anahubiri akitembea.
Watoto wako Tunduma; simu zao hukatika neno la pili.
Mlima Rungwe tu ndio tulidhani umetulia,
nao, alituambia mwalimu, ulikuwa moto.

Kila harusi husomwa yale maneno ya upendo usiokoma.
Mimi hukaa benchi la nyuma nikitazama suti za mabwana harusi,
za dukani, kitambaa kimekatwa sawa na uzi,
hakuna cha kufumua.
Nasema moyoni: wanangu, mtanenepa.
Mtakonda. Mtachukiana wiki tatu kwa sababu ya kuku.
Mmekunja nini ndani?

Nilipokuwa msichana nilidhani Mungu habadiliki
jinsi jiwe la kusagia lisivyobadilika.
Siku moja nikaona hata jiwe letu limelika katikati.
Sasa nikishika koti hili
namwona ameinama, pini mdomoni,
anakunja ndani yetu kitambaa tusichokiona
kwa ajili ya mwaka ule, na huu.
Wainjilisti huiita neema.
Mimi naiita vidole viwili.

Leo nakaza. Kifua kimerudi nyuma ya pale tulipoanzia,
akiba inakaribia kuwa kubwa kuliko nguo.
Meno ya mbele hayapo; tarumbeta yako anapuliza Gwakisa,
wewe umepewa kushika taa,
na umeisugua kioo tangu Alhamisi
kana kwamba jua lenyewe litaomba moto kwako.

Tatizo ni uzi.
Mara ya tano unapita kando ya tundu.
Macho yangu, baba Lusajo, yamekuwa ukungu huu huu.
Sikusema kitu. Nawe hukuuliza.
Umetoka jikoni na harufu ya ndizi mkononi,
umechukua sindano,
umelamba ncha ya uzi
kwa midomo ile iliyokuwa ikiwaamsha majirani kabla ya jogoo.
Mkono unatetemeka. Unaungoja utulie.
Unatetemeka tena. Unaungoja.

Umetunga.

"Haya," umesema, "kumekaribia kucha,"
na nje ilikuwa bado saa kumi na mbili jioni.